Jibu la Kimya

Kadi zilikuwa kumi na mbili, na Marsiana alizijua zote kwa kuzigusa tu. Zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye manila ngumu, na katikati ya kila kadi Ndugu Ndassa alikuwa amechora sanduku kwa rula na wino mweusi. Ndani ya sanduku kulikuwa na kichwa cha habari, chini yake ujumbe usiozidi mistari miwili, na chini kabisa visanduku viwili vidogo vya majibu. Kazi ya Marsiana ilikuwa kuinua kadi, kuisoma kwa sauti, kungoja jibu, kutia alama kwenye fomu, kisha kuinua kadi inayofuata.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, miaka minne kabla ya vita. Watu wa vilimani walikuwa wanateremshwa kwa malori kwenda kwenye kijiji kipya upande wa Keza, na kila kaya ilipita kwanza kwenye meza ya kuandikishwa, ndani ya chumba cha matofali mabichi kilichoezekwa kwa bati jipya.

Marsiana alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiacha akiwa darasa la tano, mama yake alipoanza kuugua na mtu wa kumchotea maji akakosekana. Kusoma alisoma vizuri, na mwandiko wake ulinyooka. Kilichomshinda ni kuzungumza mbele za watu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Siku Ndassa alipomchagua, wasichana wengine wawili waliomaliza la saba walinung'unika.

"Ninyi mna maneno mengi," Ndassa aliwaambia. "Mimi namtaka mtu atakayesoma kilichoandikwa na kuishia hapo."

Ndassa alikuwa Msukuma, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Kabla ya kuletwa Ngara alifanya kazi Dar es Salaam kwenye mashine kubwa ya hesabu, ile waliyoiita kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuiandikia mashine maneno ambayo ingemwambia mwendeshaji wake. Mashine ikiwa katikati ya kupiga hesabu za mishahara, utepe wa kumbukumbu ukiisha, ilisimama yenyewe na kuchapa kwenye karatasi: FUNGA UTEPE WA PILI. TAYARI? Kisha ingengoja. Mwendeshaji asipojibu, nchi nzima haikupata mshahara.

"Ujumbe ni kama mlango," alimfundisha Marsiana wiki ya kwanza. "Mtumiaji akifika hapo hawezi kupita mpaka ajibu. Mletee mmoja mmoja. Uwe mfupi. Usimwongezee maneno yako, maana ukiongeza, kila mtu atakuwa ameulizwa swali lake, na majibu hayatalingana. Maneno yasiyo ndani ya sanduku si ujumbe, ni kelele. Umenielewa?"

"Ndiyo, ndugu."

"Sasa, mtu akinyamaza je? Mashine haiwezi kungoja milele. Ndiyo maana kila sanduku lina jibu la kimya." Alimwonyesha kisanduku kimoja kati ya viwili, kilichochorwa kwa mistari miwili badala ya mmoja. "Hesabu moja mpaka ishirini moyoni. Asipojibu, tia alama hapa, uendelee. Foleni haitakwama kamwe."

Alisema hivyo kwa fahari, kama fundi anayeonyesha kiti kisichoyumba. Na kweli foleni haikukwama. Wilaya nyingine, watu walilala nje ya ofisi siku tatu. Hapa kaya arobaini zilipita kwa siku.

Watu wenyewe walizichukulia kadi kama mchezo wa serikali. Walimcheka Ndassa kwa kuwaita watumiaji.

"Mtumiaji!" alisema mzee mmoja wa Mugoma, Privatus, akiwageukia wenzake. "Miaka yote nimetumiwa mimi. Leo ndiyo naambiwa natumia."

"Unatumia nini sasa, Privatus?"

"Natumia miguu kusimama kwenye foleni."

Kadi iliyowachekesha zaidi ilikuwa ya kumi. Juu iliandikwa TAHADHARI kwa wino mwekundu, na chini: NYUMBA YA ZAMANI ITAONDOLEWA. UNA HAKIKA? Mwanzoni ni hiyo peke yake iliyokuwa na wekundu. Lakini Katibu wa chama alipoiona aliipenda, akaona kadi nyingine hazina heshima, akaagiza zote ziandikwe TAHADHARI kwa wekundu. Ndassa alibisha kidogo kisha akaandika. Tangu hapo watu walionywa kuhusu jina lao, kuhusu idadi ya majembe yao, kuhusu namba ya kiwanja chao, na walipofika kadi ya kumi walikuwa wamekwisha kuzoea. Walijibu ndiyo hata Marsiana hajamaliza kusoma.

"Binti, wewe una hakika kuliko mke wangu," kijana mmoja alimtania. "Yeye huniuliza mara moja tu."

Marsiana aliinamisha uso, akatia alama.

Odeta alifika Jumanne asubuhi. Alikuwa mwanamke mwembamba, ana mtoto mgongoni na sufuria mbili kichwani, na alikuwa peke yake. Mumewe, Celestini, alikuwa amechukuliwa na kundi la kuchimba barabara, na hakutegemewa mpaka Alhamisi. Familia yao ilitoka ng'ambo, Burundi, miaka mingi nyuma, ikalima kilima kile cha upande wa pili wa bonde mpaka lori lilipowafuata. Kiswahili alikisikia vizuri, ila kukizungumza alikizungumza kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Kadi ya kwanza mpaka ya nane zilipita. Marsiana akainua ya tisa.

"Tahadhari," alisoma. "Kuna mtu aliyebaki kwenye nyumba ya zamani? Mtaje kwa jina."

Majibu ya kadi hiyo yalikuwa mawili: mstari wa kuandika jina, na kisanduku cha HAKUNA. Cha HAKUNA ndicho kilichokuwa na mistari miwili.

"Yupo mzee," Odeta alisema. "Mguu umevimba, hatembei. Tutamleta kwa machela, bwana akirudi."

Marsiana alishika kalamu juu ya mstari. Akangoja.

Ndassa alikuwa nyuma yake akipiga mistari kwa rula. Aliinua kichwa. "Mzee nani? Jina."

"Mzee wa nyumbani."

"Wazee wa nyumbani ni wengi, dada. Jina lake."

Odeta aligeuza uso ukutani. Mtoto mgongoni aligeuka naye.

Ndassa alishusha pumzi. Hakuwa mtu mkali, lakini wiki ile ilikuwa imemchosha. Watu walitaka nyumba zao zisiguswe, wakabuni wagonjwa. Siku iliyotangulia mtu alimtaja bibi yake kuwa yuko kitandani, na balozi wa nyumba kumi akacheka mpaka akakaa chini: bibi huyo alizikwa mwaka wa sabini na moja. Kwa hiyo Ndassa alishikilia jina. Jina lingelinganishwa na orodha ya balozi. Mgonjwa wa uongo hana jina.

Lakini Marsiana alijua. Alijua tangu Odeta alipogeuza uso. Baba mkwe hatajwi. Mwanamke aliyeolewa hamtaji baba wa mumewe, wala hatamki neno linalofanana na jina lake, awe anaulizwa na jirani au na padri. Mama yake Marsiana, ambaye baba mkwe wake alikuwa na jina linalokaribiana na neno la maji kwa Kihangaza, aliishi maisha yake yote akiita maji "yale ya kunywa". Mpaka siku anakufa, koo limekauka, aliomba yale ya kunywa. Hapo Ngara nzima hakukuwa na mtu asiyelijua jambo hilo. Ila Ndassa alitoka mbali, na kwenye mashine yake hakukuwa na wakwe.

Moja, mbili, tatu, Marsiana alianza kuhesabu.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ndugu, huyu ni mkwe, hawezi kumtaja. Maneno sita tu. Nyuma ya Odeta foleni ilimtazama yeye, watu hamsini na macho yao, na nyuma yake mwenyewe rula ya Ndassa ilikuwa imesimama. Kumi na moja. Kumi na mbili. Alidhani labda mtu kwenye foleni atasema. Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wake wa ndugu zake Celestini, nao wamefungwa vilevile. Wanaume wa kilima kile walikuwa nje wakishusha mizigo. Kumi na tisa.

Ishirini.

Mkono wake ulitia alama kwenye HAKUNA. Ulikuwa umezoea.

Aliinua kadi ya kumi. "Tahadhari. Nyumba ya zamani itaondolewa. Una hakika?"

"Ndiyo," Odeta alisema, kama wote walivyosema. Alikuwa ametulia. Amekwisha kusema kwamba mzee yupo, na wamesikia. Nyumba ingeondolewa mzee akishaletwa, kuna mtu gani atakayefanya vinginevyo? Fomu hakuonyeshwa. Hakuna mtumiaji aliyeonyeshwa fomu. Alijibu kadi mbili zilizobaki, akajitwisha sufuria zake akaenda kutafuta kiwanja chake.

Mchana, wengine walipokwenda kula, Marsiana hakula. Alikwenda kwenye malori kumtafuta mwanaume wa kilima kile. Alimkuta Novatus amekaa juu ya gunia la mihogo, akifunga kidole kilichobanwa na bodi la lori.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Umekuja kuniuliza kama nina hakika?"

"Baba yake Celestini," Marsiana alisema, karibu kwa kunong'ona. "Anaitwa nani?"

"Sema kwa nguvu, mimi nimeziba na vumbi."

"Baba yake Celestini. Jina lake."

"Bigirimana. Kwani hajaja?" Novatus aliacha kufunga kidole. "Odeta si alikuwa mbele yetu?"

"Amesema yupo nyumbani. Lakini hajamtaja."

"Atamtajaje!" Novatus alicheka, kisha kicheko kikamkatika. "Mmeandika lakini. Si mmeandika?"

"Nakwenda kuandika."

Alikwenda mbio. Kwenye kipande cha karatasi aliandika: Bigirimana, baba mkwe wa Odeta, yuko nyumbani, mguu mbaya, hawezi kutoka. Alipofika mlangoni, Katibu alikuwa amekaa na Ndassa, wanapanga orodha ya kesho. Mgambo wangeondoka na lori alfajiri, waanze na nyumba za ng'ambo ya bonde. Katibu alikuwa akisimulia kitu kwa kicheko, akipiga meza kwa kiganja. Marsiana alisimama kizingitini. Alingoja Katibu anyamaze. Katibu hakunyamaza.

"Unataka nini, Marsiana?" Ndassa aliuliza hatimaye, bila ubaya.

Wote wawili walimtazama.

"Nimekuja kufagia," alisema.

Akafagia. Alifagia pembe zote nne, akafagia chini ya meza wakiwa wameinua miguu. Walipotoka kumsindikiza Katibu kwenye gari, aliweka ile karatasi juu ya meza ya Ndassa, mahali ambapo hangeweza kuikosa, akaiwekea chupa ya wino isipeperuke. Akasimama akiitazama. Kisha akaenda nyumbani, na jioni hiyo alikula vizuri, kwa kuwa amekwisha kusema.

Asubuhi foleni ilikuwa imejipanga kabla jua halijapasha bati. Ndassa alikuwa kwenye kiti chake, ananoa penseli kwa wembe. Karatasi haikuwepo mezani.

"Ndugu," Marsiana alisema. "Uliiona karatasi?"

"Karatasi ipi? Ile ya mwandiko?" Alitabasamu. "Niliiona. Unaandika vizuri. Nimeiweka kwenye faili, usitupe kazi yako ovyo. Nilidhani unajizoeza."

Marsiana alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni.

"Ni mtu," alisema. "Yuko ndani. Yule mwanamke wa jana ni mkwe, kwetu mkwe hamtaji baba wa mumewe. Yuko ndani, ndugu, na nimetia alama HAKUNA."

Wembe ulisimama. Ndassa alifungua faili, akaitoa karatasi, akaisoma upya, na safari hii midomo yake ilitembea na kila neno. Kisha aliuliza swali ambalo Marsiana hakulitegemea: "Kwa nini hukuchora sanduku?"

Hakungoja jibu. Alikwisha kutoka. Walimsikia akimwomba karani wa ghala baiskeli, kisha wakamwona akiteremka njia ya bondeni, amesimama juu ya pedali, kalamu zikidondoka mfukoni. Kutoka njiani aligeuka mara moja akapiga kelele: "Endelea na kazi! Foleni isisimame!"

Akaendelea. Hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Tahadhari. Jina la mkuu wa kaya? Tahadhari. Mna majembe mangapi? Mlango wa chumba kile ulitazama bonde, na ng'ambo ya bonde kilikuwa kilima chenyewe, cha kijivu cha kiangazi. Kwenye saa tatu moshi wa kwanza ulipanda, mwembamba na mnyoofu, kwa kuwa hakukuwa na upepo.

"Hiyo ni ya Matiasi," mtu alisema kwenye foleni.

"Ya Matiasi iko chini zaidi. Hiyo ni ya yule mhunzi."

"Ya pili hiyo."

Hawakulia. Walitaja nyumba kama watu wanaotazama ng'ombe wakipita, wakisahihishana. Marsiana aliinua kadi ya kumi mbele ya mwanamume aliyekuwa na kuku kwapani.

"Tahadhari. Nyumba ya zamani itaondolewa. Una hakika?"

Mwanamume alitazama kadi, akatazama moshi. "Unaniuliza mimi?" alisema. Kisha akasema ndiyo.

Moshi wa tano, wa sita. Marsiana hakujua nyumba ya Odeta ilikuwa ipi, na hakuthubutu kuwauliza. Aliposikia mtu akisema, "Ile yenye migomba mingi, kwa Celestini," aliinua macho, na ule moshi ulikuwa mzito kuliko mingine, wa rangi ya maziwa yaliyoungua, kwa sababu nyasi za paa zilikuwa mpya. Mzee aliziezua na kuziezeka upya mwaka uliopita tu, mtu huyo alieleza. Kabla mguu haujamshika.

Ndassa alirudi alasiri, anasukuma baiskeli. Shati lake lilikuwa jeusi mpaka kwenye kola, na nyusi moja ilikuwa imeungua. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi. Marsiana alimletea maji kwenye kikombe, akayashika bila kuyanywa.

"Waliita mlangoni," alisema. "Wameniapia. Waliita mara mbili, hakuna aliyejibu. Orodha ikasema hakuna mtu." Aliweka kikombe chini. "Alikuwa karibu na mlango. Alitambaa mpaka pale."

Bigirimana alizikwa Alhamisi. Celestini alitolewa kwenye barabara akaja na koleo lilelile alilochimbia. Ijumaa alikuja mkubwa mmoja kutoka wilayani na dereva wake. Hakuwa na haraka wala hasira. Alitaka maelezo ya maandishi kabla ya saa sita, na Ndassa akayaandika kwa mwandiko wake mzuri, ndani ya mistari aliyoipiga kwa rula. Watu walikuwa wamejipanga nje kama siku zote, kwa kuwa malori hayakusimama, na Odeta alikuwa miongoni mwao, amekuja kuchukua jembe la kaya.

Ndassa alimsogezea Marsiana karatasi. "Weka sahihi hapo chini. Wewe ndiye shahidi."

Alisoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa. Mtumiaji aliulizwa swali la tisa kwa mujibu wa utaratibu. Mtumiaji hakujibu.

"Si kweli," alisema.

"Kwa utaratibu ni kweli." Ndassa aliongea chini chini, macho yake mekundu. "Marsiana, jina halikutajwa. Kisichotajwa kwa utaratibu hakikujibiwa. Sisemi alikosea. Sisemi ulikosea wewe. Hili linatulinda sote. Tia sahihi, mwanangu, halafu nitaitengeneza upya ile kadi. Nitaweka kisanduku cha tatu."

Mkubwa wa wilaya alitazama saa yake.

Marsiana alisimama. "Alijibu," alisema.

"Punguza sauti."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo tangu azaliwe. "Alijibu!" alisema, na safari hii ilitoka mpaka nje, na mazungumzo ya foleni yakakatika. "Alisema yupo mzee, mguu umevimba, hatembei. Nilikuwa hapa. Nilimsikia, na nilijua kwa nini hamtaji, na nikahesabu mpaka ishirini."

Mkubwa wa wilaya aliandika kitu kwenye daftari lake, maneno mawili au matatu. Alifunga kalamu. Alisema kwamba huyu binti apumzishwe, kwamba kuna wasichana waliomaliza la saba, na kwamba utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri na wilaya nyingine zinauomba. Ndassa alikusanya kadi zote kumi na mbili, akazigonga mezani zikalingana, akamkabidhi msichana aliyeitwa kutoka nje.

Marsiana alitoka. Foleni ilimpisha kwa upana, kama wanavyompisha mtu mwenye surua. Odeta hakumpisha. Alikuwa amesimama palepale, kichwa amekinyoa kwa msiba, mtoto mgongoni.

"Ulinisikia," Odeta alisema.

"Nilikusikia."

"Siku hiyo hiyo. Palepale mezani."

"Ndiyo."

Siku tatu Odeta alikuwa amelia akijilaumu mwenyewe na ulimi wake uliofungwa. Aliwaambia wanawake wa msiba kwamba Kiswahili chake kibovu ndicho kilichomuua mzee, kwamba labda hakusema sawasawa. Sasa alimtazama Marsiana kwa muda mrefu, na uso wake ulibadilika polepole. Marsiana alingoja kofi, au mate, na angeyapokea.

"Basi," Odeta alisema.

Ndani, sauti ya msichana mpya, nzuri na yenye nguvu, iliita: "Anayefuata!" Odeta alimpita Marsiana, bega kwa bega, akaingia kuchukua jembe.